Cheni Mpya ya Gari la Kaka

Shemeji, shikamoo.

Ujumbe nimeupata, kwamba gari la marehemu kaka litengenezwe, uje ulichukue. Nimechagua seti nzima ya cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, pamoja na gia zake na kile kikazio cha kuizuia isilegee. Nilizigeuzageuza dukani mpaka muuza spea akanicheka: "Dogo, unanunua cheni au unaposa?" Injini hii ina mbio sana, cheni ikiruka meno ukiwa barabarani na mtoto, basi tena.

Ila kuna kitu sikukwambia. Cheni ya zamani ililegea, na kila nikiwasha gari hapa nyumbani ilikuwa inagonga vilevile kama alipokuwa akirudi kaka. Mama akisikia anatoka mbio kufungua geti. "Huyo kafika," anasema. Na mimi, shemeji, nilikuwa nageuka kuangalia.

Jana nimefunga mpya. Injini imetulia, haigongi hata kidogo. Mama hakutoka. Nilipoingia ndani nikamkuta amekaa tu, macho mlangoni.

"Kaka yako mbona leo kachelewa?"

Njoo, shemeji. Umwambie wewe.

Ni mimi shemeji yako wa gereji.