Asali Iliyokataliwa

Kakese, Mpanda

Mjukuu wangu Editha,

Barua yako imefika. Sisi wazima, ila magoti ya bibi yako bado yanamsumbua. Unauliza: kama wokovu ni neema ya bure, matendo mema ni ya nini?

Mimi si padri. Namkumbuka tu mama yangu, miaka ile ya hamsini, siku moja kabla ya kubatizwa. Alimpelekea katekista kibuyu kizima cha asali, maana kwetu hata kwa mganga hatuendi mikono mitupu. Katekista akakataa.

"Mama, ubatizo haulipiwi."

Mama akarudi nacho kichwani, amenuna, akisema amedharauliwa.

Kesho yake akabatizwa hivyo hivyo. Jioni katekista akaja kutupongeza. Mama akamwekea asali ile ile, naye akala mpaka akalamba vidole.

"Jana si uliikataa?"

"Jana ulikuwa unalipa," akasema. "Leo nimekuja mgeni wako."

Mama akacheka, akamwongezea. Tangu hapo hakupita mtu kwetu bila kuonja asali yake, na Mama hakuwa tena analipia kitu.

Nimempa dereva wa basi chupa yako ya asali. Usinitumie chochote.

Babu yako