Jiko la Mukashema na Bandi Moja

Jumamosi, 5 Oktoba 1957

Mashine ya kushika sauti imefika Karuba! Mabega yanawaka, miguu sina tena, lakini imefika. Mzungu wa shamba la pareto anarudi kwao. Alisema nichukue kile watu wawili wanaweza kubeba, basi. Shemeji Mbonigaba akajitwisha motere ya kuzalisha umeme, mimi mashine yenyewe. Nafasi ikabaki ya kitu kimoja: spika kubwa inayong'aa — au bunda la waya mrefu wa umeme. Niliitamani ile spika, jamani! Nikachukua waya; mashine ina spika yake ndogo. Motere inapiga kelele, lazima ikae mbali, kule bondeni. Maikro moja ya kunasia sauti. Bandi moja tu, ule utepe unaoshika sauti, maana zile nyingine zimeota ukungu. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, nina studio!

Jumatatu, 7 Oktoba

Mzee Sebarenzi amekubali. Hakuna anayepiga inanga kama yeye katika milima hii; ule ubao wake wa nyuzi nane unaongea. Ana wimbo wa ng'ombe kumi na moja wa baba yake, kila ng'ombe kwa jina na tabia zake. Hakuna mwingine anayeujua. Lakini kifua chake kinazidi kuharibika. Jumatatu ijayo kamyo ya mizigo inampeleka hospitali Goma, na mwenyewe haamini kama atarudi. Anataka wimbo umfikie Béata, binti yake aliyeolewa Walikale.

Nina wiki moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilijaribu mashine sebuleni, chini ya mabati yangu mapya, fahari yangu yote. Mvua ikaja. Kwenye bandi hakuna kitu ila mvua, kama maharagwe yanamwagwa kwenye sahani! Mke wangu Mukashema alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema: "Ingia mu jiko yangu. Kule juu iko nyasi, mvua haipige kelele."

Akatoa vyungu vyote nje mwenyewe. Anapikia uani, chini ya turubai. Hajalalamika hata neno moja. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumefanya. Blanketi nne ukutani, maikro imefungwa kwenye kigogo cha mgomba. Nikafukuza watu wote, kuku wote, nikafunga mlango. Kimya safi! Mzee akaimba dakika kumi na mbili, akamaliza. Bandi inachukua thelathini, nafasi tele. Nikafurahi — mpaka nilipomsikilizisha.

Mzee akageukia ukuta. "Huyu hapana miye," akasema. "Huyu iko anasomea veterinere liste ya ng'ombe."

Nimekosea maikro? Blanketi? Nilizunguka jiko lote natafuta kosa. Mukashema ndiye aliyeliona, akaniambia: "Papa Émile, ulichagua waya, ulichagua nyumba, muzuri. Lakini batu ulifukuza inje. Nani njo atamuitikia?"

Ni kweli kabisa! Tangu utoto nimesikia: ng'ombe akitajwa, watu wanaitikia, wanamsifu, wanamchokoza mpigaji, na wimbo wake unapanda. Mimi kazi yangu kunyamazisha darasa. Nimemnyamazisha na mzee. Naona aibu.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa. Jiko limejaa, watu kama ishirini. Blanketi mbili nimezitoa ukutani, wamezikalia. Mbonigaba yuko bondeni na motere, maskini, hasikii kitu. Nimeanza bandi upya, juu ya ile ya Alhamisi; ile inafutika. Naandika kwa penseli, daftari kwenye goti.

Ee Mungu, mzee huyu! Alipomtaja ng'ombe wa kwanza Mukashema akaitikia, na vidole vya mzee vikaamka. Sauti ya kijana! Mama Athanasie, jirani yetu, akamchokoza: "We Papa Sebarenzi, huyu ng'ombe alikupiga teke, usifiche!" Mzee akacheka ndani ya wimbo, akatunga hapohapo kipande cha lile teke. Alhamisi hakikuwepo. Wala hakohoi. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna hii maishani mwangu.

Dakika kumi na tano. Ng'ombe wa tano.

Dakika ishirini na tano. Wa saba. Watu wanazidi kuitikia, naye anazidi kurefusha. Mukashema ameitazama bandi, kisha mimi. Ameelewa: haitatosha.

Imekwisha. Mkia wa bandi unapiga tap, tap, tap — nimeuzuia kwa kidole. Mzee amefumba macho, hajui kitu. Anamwita ng'ombe wa tisa na kumwambia Béata amsikilize vizuri. Kamyo ni kesho alfajiri.

Wote wanaitikia. Mimi pia naitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote, asije akasikia kwamba mashine imenyamaza.