Kiti Kinachorudi Kikapuni

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kanidaka mlangoni, hata mkoba sijatua. Wateja wa duka letu la mtandaoni wanaondoa kitu kikapuni, kitu kinarudi! Nimejaribu mara kumi kwa akaunti ya majaribio. Weka godoro la mgonjwa, bonyeza "Ondoa", limekwenda. Weka magongo, ondoa, yamekwenda. Nikamwambia kwangu inafanya kazi. Akasema basi tuwalete wateja wote wakae kwenye meza yako. Anataka tatizo liishe Ijumaa.

Kaka kapiga simu. Mama kanywa supu, vijiko vitatu. Daktari atamwona Alhamisi. Akiweza kukaa, tumnunulie kiti cha magurudumu. Nimeshakiweka kikapuni hapahapa dukani kwetu tangu mwezi uliopita, kile cha buluu. Kinangoja.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna kitu. Nimesoma programu ya duka, PHP mstari kwa mstari, mpaka macho yanawasha. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi
Dada wa mapokezi kaniita nimsikilize mteja mwenyewe. Mama wa makamo, sauti ya chini, wala hana hasira. Kila asubuhi akiingia kwenye akaunti anakikuta kiti cha magurudumu. Anakiondoa. Kesho yake kipo. Kilikuwa cha mume wake, sasa hakihitajiki tena. Mwanangu, akasema, nisaidie kisirudi. Nikamwambia samahani, nikamwambia pole, nikayachanganya yote mawili.

Kila asubuhi akiingia — ee! Mimi sijatoka kwenye akaunti ya majaribio tangu Jumatatu! Nikatoka, nikaingia upya. Godoro hili hapa. Magongo haya hapa. Siku tatu nzima, mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelipata, na ni kazi ya mikono yangu. Mwaka jana bosi alitaka kikapu kihifadhiwe kwenye database, mteja akirudi akute vitu vyake. Niliandika kwa siku moja, nikapigiwa makofi. Kumbe "Ondoa" inafuta kwenye session tu, kumbukumbu ya muda inayoisha mtu akitoka. Nakala ya database haiguswi, na mtu akiingia tena inamrudishia kila kitu. Nimeongeza mistari minne inayofuta na huko. Nikajaribu kwenye vikapu vya zamani vya wenzangu, kimoja baada ya kingine, vyote vikafutika. Nilitegemea kufurahi. Nimeona aibu tu.

Jioni kaka kapiga. Daktari kaja, hakusema mengi. Kasema kiti tukiache kwanza. Nikamuuliza, kwanza mpaka lini? Akasema mama ananisalimia.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi hataki maneno, anataka kuona kwa macho yake, tena kwenye kikapu cha zamani. Asipoona hataruhusu marekebisho yaende kwa wateja, na yule mama kesho asubuhi atakikuta kiti tena. Ila vikapu vya wenzangu na cha majaribio nilivimaliza jana. Kimebaki kimoja. Changu.

Kitu kimoja tu kimo humo, dada, kuna nini? Ndivyo alivyosema bosi. Kweli, kuna nini? Nikitaka naweza kukiweka tena baadaye, ni kubonyeza tu. Najua. Nimemwomba dakika tano, kaenda kuchukua chai.

Mshale uko juu ya "Ondoa". Mkono umekataa. Kazi yangu naiamini, jana niliijaribu mara sita: kikitoka sasa, hakirudi.

Simu inatetemeka mezani, ni kaka. Na bosi namsikia anarudi na kikombe chake —