Maua ya Mwaka wa Pili

Mama,

Maua yako yamechanua. Ni ya manjano, kama alivyokuambia yule sista wa Korogwe aliyekupa mbegu. Jua likizama yanafunguka. Kesho yake adhuhuri yamenyauka. Ulipofariki mwaka jana yalikuwa majani tu, yamelala chini pale uwanjani panapopigwa jua kutwa. "Mwaka wa kwanza yanakaa kama wageni," ulisema. "Wa pili ndipo yanaongea."

Nina kosa la kukuambia. Kabla ya arobaini yako nilisafisha uwanja kama tunavyosafisha siku zote, ubaki mweupe, nyoka aonekane. Nikayapiga jembe nikidhani ni magugu. Katika mashina tisa yakabaki matatu.

Sasa yamenifika kifuani, na sisi tunahamishwa kwenda kijiji kipya. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita Jumatatu na chaki, akaandika namba mlangoni. Nikamwomba aningoje hadi mbegu zikauke. Akacheka. "Binti, lori lisubiri maua? Kichwa kigumu kama mama yako!" Kisha akaacha kucheka. Akasema atakayekutwa ndani, nyumba itaezuliwa naye akiwa humo humo. Kwa jirani yetu Mama Saidi wameshaezua. Kuta zimebaki, na kuku mmoja anaingia na kutoka.

Nilijaribu kung'oa shina moja niende nalo. Mzizi ulikuwa umezama kama muhogo, ukakatikia ardhini. Jioni ile halikuchanua. Yamebaki mawili.

Leo asubuhi ganda moja la mbegu limekauka na kupasuka. Mengine yote bado mabichi. Wakati naandika, vumbi linapanda upande wa barabara, na lori limesimama kwa balozi. Nasikia mabati yakitupwa.

Mbegu ni ndogo kuliko za mchicha. Nusu nimezifunga kwenye pembe ya khanga yako. Huko tuendako sijui kama nitapata hata hatua tatu za uwanja wangu. Nusu nyingine nimezimwaga juu ya kaburi lako. Hapo jua linafika, na kuanzia kesho hakuna atakayefagia, wala kushika jembe.

Buriani, Mama. Mwaka wa kwanza yatalala nawe. Wa pili nitakuja jioni, hata kwa miguu. Nikizuiwa, yachanue bila mimi.

Mwanao