Bakuli la Austėja

Marcinkonys, 3 Julai 2006

Mwanangu Rimvydas,
Salamu nyingi. Hujambo huko Norwe? Kiwanda cha samaki hakijakuchosha? Mimi mzima, ila kiu haikatiki na nyayo zinawaka moto.

Mkeo ananitia wasiwasi. Tangu ahamie kwangu mwezi wa tano, sukari anaifungia kabatini. Asubuhi uji wa shayiri na beri mbichi, vile vitunda vya msituni, mchana samaki na beri, jioni mtindi na beri. Jamu yangu chupa kumi na nane sizioni. Nikamuuliza, “Austėja, jamu iko wapi?” Akasema, “Kula kwanza, mama.” Jirani Pranė ananiambia wake wa siku hizi huwakondesha wakwe ili warithi nyumba. Nami nguo zinanipwaya.
Mama yako

Bergen, 14 Julai

Shikamoo mama,
Natumaini u mzima. Usimsikilize Pranė. Kula unachopewa, tafadhali.
Mwanao

Marcinkonys, 21 Julai

Rimvydas,
Hujambo? Mistari miwili tu! Au nawe umo? Nimeona karatasi kwenye aproni ya mkeo: “Mama: kiazi kimoja, mkate kipande, beri kikombe.” Kila siku, kwa tarehe! Ananihesabia matonge ya nini? Jana bakuli langu nilimpa paka, nikakaa kumtazama saa nzima. Hakufa. Lakini paka ana roho ngumu.
Mama yako

Bergen, 1 Agosti

Mama mpendwa,
Shikamoo, na unisamehe. Ulipoanguka mwezi wa nne wakakupima damu hospitalini, majibu yalikuja kwa simu ya Austėja. Una kisukari. Nilikumbuka shangazi Aldona alivyokatwa mguu, nikaogopa utakata tamaa. Mimi ndiye niliyemwapisha mke wangu anyamaze.
Mwanao

Marcinkonys, 12 Agosti

Rimvydas,
Salamu. Barua yako nilimsomea Austėja kwa sauti. Akakaa chini, beri zikamwagika sakafuni.
“Nilikuita mchawi mbele ya Pranė,” nikamwambia. “Kwa nini hukujitetea?”
“Ulikuwa unakula, mama. Hilo lilinitosha.”
Nimelia, kisha nimekasirika, na hasira hiyo ni kwako wewe. Ugonjwa ni wangu, niambiwe mimi. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wote wawili, naye atakaa ndani nami. Ukiwa na neno, andika kwa jina langu, nami nitamsomea yeye.
Mama yenu