Choa cha Baba Fatuma

Ufukoni, Jumanne

Eti kosa langu, marhamu niliyompa haina nguvu! Nilimwambia baba Fatuma apake mwezi mzima, hata kuwasha kukiisha. Wiki moja tu kukaisha, akaacha. Choa kikarudi kiunoni, kikubwa kuliko kwanza.

Leo karudi kutoka bandarini kajaa malengelenge. Wenzake wamempaka mafuta ya maganda ya korosho.

"Walisema yanachoma choa, mama Fatuma."

Yamechoma ngozi. Choa kipo pale pale.

Na mimi, muuguzi mzima! Kutwa nawakataza wagonjwa kuazimana nguo, halafu jioni najifunga kikoi chake kwenda kuoga. Leo nimekivua, nikaona duara pajani mwangu.

Sijamwambia. Ile chupa ya mafuta karudi nayo, imebaki nusu.