Maiti Aliyeomba Sombe

Shangazi Zaituni, shikamoo. Huku ughaibuni, mjini Euless kwa kaka, jua linachoma, na bado nimeona wazee wa Kizungu wakipigana ndani ya makoti ya sufu!

Jirani wa kaka, Mama Neema, Mkongo aliyekimbia vita kwao Uvira, alinipeleka bustanini tukale ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Kumbe siku hiyo wenyeji wanaigiza pigano lililomwaga damu nyingi katika vita vyao vya zamani vya wenyewe kwa wenyewe. Mzinga ulipolia, Mama Neema akanivuta chini ya meza, sufuria kaikumbatia. Mzee mmoja akafa miguuni petu. Mara akafumbua jicho, akauliza nini kinanukia hivyo.

Tukampakulia. Akala palepale alipofia, akinieleza kwamba pigano hilo ndilo lililowafungulia watumwa njia. Yeye hufa upande wa waliotaka watumwa wabaki watumwa, maana sare yao ndiyo iliyomtosha. Kipenga kikalia, maiti wote wakainuka, wakapanga foleni ya soda.

Mama Neema akawatazama. "Umuulize huyu, wale wa kwetu wataamuka saa ngapi?"

Nilimwongezea mzee sombe.

Nakupenda, Shangazi. Kila asubuhi, tafadhali, uamke.

Rehema wako